Gitaa dogo la safari: mambo ya kujua kabla hujashika msumeno

Gitaa langu la pili la safari lilipasukia Dodoma, usiku, likiwa limetundikwa ukutani bila kuguswa na mtu. Nililisikia: tak, mlio mmoja mkavu kama wa kuni inayovunjwa gotini. Asubuhi nikakuta ufa mwembamba kama unywele umeanzia chini ya daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi usoni, na kwenda hadi ukingoni, na ncha za freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, zimechomoza pembeni mwa shingo kiasi cha kukwangua kiganja. Nilikuwa nimelitengeneza Dar es Salaam mwezi wa nne, masika yamepamba moto, mbao zimeshiba unyevu wa pwani. Nilipolipeleka Dodoma mwezi wa saba, uso wake, yaani ubao wa mbele, ukakauka na kusinyaa kwa upana. Lakini daraja na mataruma yaliyokatiza kwa ndani, vile vijiti vya kuuimarisha uso, hayasinyai upande huo. Vitu viwili vimegundishwa pamoja, kimoja kinavuta na kingine kimegoma. Lazima kimojawapo kiachie.

Naanzia hapo kwa sababu karibu kila kijana anayekuja karakanani akitaka kujifunza gitaa la safari huuliza umbo kwanza. Liwe kama la kawaida lililopunguzwa? Liwe jembamba kama kasia? Shingo iwe ya kukunja? Maswali mazuri, ila yana wakati wake. Gitaa la kukaa nyumbani huzoea hewa ya nyumba moja. La safari leo liko Tanga, kesho Iringa, keshokutwa ndani ya basi lililosimama juani Morogoro. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mbao na ukavu wake, na kwenye vipimo vichache visivyosamehe. Mengine utayaokota kazini.

Kipimo cha kwanza ni urefu wa uzi, kuanzia kile kipande cha mfupa chini ya kichwa, mimi hukiita kizingiti, hadi mfupa wa kwenye daraja. Gitaa la klasiki la kawaida lina milimita 650. Mimi natumia 580. Ukibana kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, kwenye freti ya pili ya gitaa la 650, uzi unaobaki una milimita 579 hivi. Kwa hiyo gitaa la 580, ukilipandisha toni moja juu ya kawaida, nyuzi zinakuwa na mkazo uleule ambao vidole vyako vinaujua. Ukilitia sauti za kawaida, mkazo unapungua kwa karibu asilimia 20 na nyuzi zinalegea. Hapo nunua zile za mkazo mkubwa. Wanafunzi wengi hawaambiwi hili, wakisikia nyuzi zimelegea wanadhani wameharibu kazi.

Bodi yangu ina urefu wa milimita 420, upana wa chini 300, kiuno 190, juu 225, na kina cha 75 hadi 80. Shingo inakutana na bodi kwenye freti ya 12, na kichwa kina 150. Jumla ni sentimita 86. Hilo linalala juu ya begi kwenye basi, linakaa nyuma ya mlango wa chumba cha kupanga, na linaingia chini ya kitanda bila kusumbua ndoo.

Tumia nyuzi za nailoni. Seti ya nailoni huvuta kwa jumla kilo 40 hivi, wakati seti nyepesi ya chuma huvuta zaidi ya 70. Kwa anayeanza, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama uso utabaki bapa au utavimba tumbo. Tena kwa sisi wa pwani, chuma hushika kutu upesi mno.

Na usidai besi nzito kutoka kwenye sanduku dogo, haina pa kukaa. Dai usafi wa nyuzi za kati na za juu. Ukitaka kujua usafi huo una thamani gani, sikiliza rekodi alizozichukua mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Katanga, Kongo, mwaka 1952 kwa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco: kidole gumba na cha shahada tu, na kila noti imesimama peke yake. Kwa upigaji wa namna ile gitaa dogo linatosha kabisa.

Sasa mbao. Kwa uso tafuta mbao laini, nyepesi, yenye mistari iliyonyooka na kubanana, iliyopasuliwa hivi kwamba ukiitazama kichwani mistari imesimama wima. Sprusi ya kuagizwa, mti wa jamii ya misonobari, ni nzuri ila ni ghali. Nimetumia saiprasi iliyokauka vizuri na ikanipa sauti ya kueleweka. Ukumbuke kwamba mafundi wa Hispania wameitumia saiprasi kwa mbavu, yaani pande za sanduku, na mgongo wa magitaa ya flamenko, muziki wa kwao, kwa miaka mingi. Mbavu na mgongo, mninga unafaa. Shingo, mkangazi, kwa kuwa ni mwepesi na hautembei ovyo. Ubao wa freti, mpingo.

Hapa udogo wa gitaa unakufaa. Ubao wa freti 18 kwa urefu wa uzi wa 580 hauzidi sana milimita 380. Vipande vya namna hiyo hupatikana kwa wachongaji, kama pale Mwenge Dar es Salaam, vikiwa vimebaki kwenye kazi kubwa. Chagua cha zamani. Mpingo mbichi utakupasukia mikononi, na haujali umeshaukata freti ngapi. Kabla ya kuugundisha ufute kwa spiriti kwa kuwa una mafuta, na unapopiga msasa vaa barakoa, vumbi lake linawasha koo na macho. Risiti ya mbao itunze. Jamii yote ya mpingo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 2017. Ala ya muziki iliyokamilika ililegezewa masharti mwaka 2019, lakini kipande ghafi ukikivusha mpaka bila kibali utakuwa umejitafutia kesi.

Nirudi kwenye ukavu, maana ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Ubao ukinunuliwa kama "mkavu" usiamini neno la muuzaji. Upasue karibu na unene unaoutaka, uache milimita moja ya ziada, kisha uupime kwenye mizani ndogo ya jikoni na uandike gramu kwa penseli kwenye ubao wenyewe. Rudia kila wiki. Ninao ubao wa saiprasi ulioandikwa 312, 304, 299, 297, 297. Uliposimama kwenye 297 mara mbili ndipo nikaugusa.

Lakini kusimama kwa uzito Dar es Salaam ni kusimama kwenye hewa ya Dar es Salaam, na hapo ndipo nilipokosea na lile gitaa la Dodoma. Siku hizi nina sanduku la plaiwudi lenye matundu madogo juu na chini, na ndani balbu ya zamani ya wati 60, ile inayotoa joto. Ya LED haisaidii. Uso, mgongo na mataruma vinakaa humo siku nne au tano pamoja na kipimo cha unyevu wa hewa. Nikiona kinasoma kati ya asilimia 45 na 50, natoa ubao na kuugundisha siku hiyohiyo. Ubao uliogundishwa ukiwa mkavu ukienda kwenye unyevu utavimba na kujipinda juu kidogo, basi. Uliogundishwa ukiwa na unyevu ukienda kwenye ukavu hupasuka. Chagua kosa linalorekebishika.

Kwa sababu hiyohiyo usiuache mgongo ukiwa bapa. Mataruma yake yarandwe yawe na tao la milimita 3 katikati, mgongo uinuke kama wa kobe. Ukisinyaa utashuka kidogo kuelekea ubapa kabla ya kufika kwenye kupasuka. Uso nao upe tao dogo, milimita moja na nusu.

Kuukondesha uso ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na siifanyi kwa kipimo peke yake. Naanza na milimita 2.8. Nashika ubao kwa vidole viwili karibu na ukingo wa juu, robo ya urefu, uning'inie, nakaribia sikio na kuugonga katikati kwa ncha ya kidole. Mwanzo hutoa sauti ya mlango. Naukwangua kwa bapa la chuma, nyuzi mbili tatu za mbao nyembamba kama maganda ya kitunguu, nagonga tena. Kuna mahali, mara nyingi kati ya 2.4 na 2.2, sauti inashuka, inafunguka na kuchelewa kufa. Ukiukunja kwa viganja kwa upana unakubali, kwa urefu bado unakataa. Hapo simama. Ukiendelea kwa tamaa ya sauti zaidi, baada ya mwaka daraja litauzamisha.

Mwaka 1862 fundi Antonio de Torres wa Hispania alitengeneza gitaa lenye mbavu na mgongo wa karatasi zilizogandishwa kwa gundi, uso peke yake ukiwa wa mbao nzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inatoka usoni. Kwa hiyo kama fedha ni kidogo, itie kwenye uso. Mgongo wa mbao ya kawaida hautakuangusha.

Chini ya uso naweka mataruma matano yaliyotawanyika kama vidole kutoka kwenye tundu la sauti, kila moja upana milimita 6 na kimo 4 au 5, yakipungua hadi kuisha pembeni. Mengine mawili, makubwa, yanakatiza juu na chini ya tundu. Ukiwa umewahi kuona jahazi likiundwa utaelewa bila kuelezwa: taruma linabeba, halijazi nafasi.

Kupinda mbavu kunatisha watu bure. Bomba la chuma la inchi 2 limebanwa kwenye jiriwa, tochi ya gesi inapuliza ndani, tone la maji likidondoka juu yake linacheza na kukimbia. Ubavu uwe milimita 1.8 hadi 2, ulowe kidogo, na usisukume. Egemeza, subiri, utausikia wenyewe unalegea. Utavunja mmoja, kwa hiyo kata mitatu.

Freti, sasa, hazina huruma. Gawa 580 kwa 17.817, unapata 32.6: hapo ndipo freti ya kwanza. Kilichobaki kigawe tena kwa namba ileile, na kuendelea. Ya tano iko 145.5, ya saba 192.9, ya 12 iko 290 kamili, nusu ya uzi. Isipotua hapo hesabu yako ina kosa. Andika orodha yote kwanza, kisha pima kila freti kutoka kwenye kizingiti, rula ikiwa haijasogezwa. Nimeona vijana wakipima kutoka freti hadi freti, robo ya milimita inapotea kila mara, wakifika ya 12 gitaa halipatani na kitu chochote duniani. Msumeno wa njia ya freti uwe na mkato wa milimita 0.6. Na mfupa wa darajani usiuweke 580, usogeze nyuma milimita 1.5 hadi 2, kwa kuwa ukiubonyeza uzi unaukaza kidogo na sauti inapanda.

Shingo ya kukunja iache. Bawaba inalegea, na gitaa lenye sentimita 86 halina haja ya kukunjwa. Funga shingo kwenye bodi kwa boliti mbili za milimita 6 zinazopita kwenye kigogo cha ndani, na ile sehemu ya ubao wa freti inayolala juu ya uso usiigundishe. Siku pembe ya shingo ikikosewa, na kwa gitaa la kwanza itakosewa, utafungua, utakwangua unene wa karatasi mbili kwenye kisigino, pale shingo inapogusa bodi, na kufunga tena. Kabla ya kukaza, laza rula ndefu juu ya freti: ncha yake ipite juu tu ya mbao ya daraja. Ikigonga ubavu wa daraja, nyuzi zitakuwa juu mno na utapiga gitaa kwa maumivu.

Funguo za kukazia nyuzi nunua. Rangi iwe shelaki, ile vanishi nyepesi ya kuyeyushwa kwa spiriti, tabaka nyembamba kwa kitambaa, siku kavu. Ukiipaka wakati wa mvua inapata ukungu mweupe. Vanishi nzito ya makabati inaufunga uso mdomo.

Safarini, legeza nyuzi toni mbili na kaa na gitaa ndani, usilitie kwenye buti la basi. Gundi nyeupe ya mbao huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi hivi, na buti la gari lililoegeshwa juani linaweza kulikaribia. Mimi hutia ndani ya begi la gitaa kijisanduku cha sabuni kilichotobolewa chenye sponji lenye unyevu, si la kudondoka maji, kila ninapokwenda bara wakati wa kiangazi.

Ukishafunga nyuzi, siku tatu za kwanza zitashuka kila saa; ni nailoni inanyooka, usihangaike na funguo. Siku ya nne pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: milimita 3 upande mwembamba, 4 upande wa besi. Andika. Laza rula kwenye uso nyuma ya daraja utazame mwanga chini yake, andika na hilo. Pima tena baada ya mwezi, na tena ukifika kwenye hewa nyingine, kabla hujalitundika ukutani.