Chimala hadi Makete kupitia Matamba: anza na breki

Ndugu yangu, umeuliza ujiandae vipi kutoka Mbeya kwenda Makete kwa kupanda mlima wa Matamba kutokea Chimala, mwezi wa Aprili, ukiwa na mama mzazi na watoto ndani ya gari dogo. Waliokujibu wamezungumzia nguvu ya injini. Mimi nakuomba uanze na breki, kwa kuwa zile kona hamsini na saba za mlima huo hutisha zaidi wakati wa kurudi.

Safari yangu ya kwanza nilimwachia fundi gari alikague, akanirudishia akisema breki ni salama, kumbe alitazama pedi tu, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu. Tukiteremka kuelekea Chimala nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha pedeli ikalainika na kuzama karibu na sakafu. Nilirudi gia namba moja, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo hadi gari likasimama upande wa ukuta wa mlima, na mke wangu akashuka kuweka mawe mbele ya matairi. Tulikaa hapo karibu saa nzima, bonde la Usangu likiwa chini yetu, wala hatukumwagia maji, kwa sababu diski yenye joto kali ikipata maji baridi ghafla huweza kupasuka.

Sababu niliielewa baadaye. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakipata joto kali unyevu huo huchemka ukawa mvuke, ambao hubonyea kwa urahisi, hivyo nguvu ya mguu wako haifiki kwenye pedi. Yabadilishe yote kama yamepita miaka 2, si kuongezea tu. Kisha teremka kwa gia uliyopandia, tangu kona ya kwanza. Gari la otomatiki liweke kwenye L au 2, yaani gia za chini, na breki uikanyage kwa vipindi badala ya kuilalia.

Aprili ni mvua, na mchana ukungu hushuka upesi, kwa hiyo ondoka Mbeya alfajiri. Pale Chimala waulize madereva wa magari ya viazi walioshuka asubuhi hiyohiyo, maana habari za juzi hazitakufaa. Wakisema kuna utelezi, zunguka kwa Makambako na Njombe. Ni mbali, lakini ni lami hadi Makete, na mama hatachoka kwa hofu.

Vingine unavijua: tairi la akiba lenye upepo, pembetatu, maji, mablanketi. Ongeza kipande cha ubao mnene cha kuwekea jeki, kwa kuwa kwenye tope jeki huzama kabla gari halijainuka.

Kabla ya kuanza kupanda, injini ikiwa inanguruma, kanyaga breki na uishikilie nusu dakika. Pedeli ikiendelea kuzama taratibu, usipande siku hiyo.