Paka wa wiki 9 anayelia njaa: usimbanie, mpime

Ndugu yangu, umesema paka wako ana wiki 9, analia kila ukisogea karibu na bakuli, na unaona kumpa mara 4 kwa siku ni kumvimbisha. Wala. Nimeshalea watoto wa paka watano, na kosa langu baya kuliko yote lilikuwa kuwabania chakula, si kuwazidishia.

Wa kwanza alikuwa jike. Kila akila, tumbo linamtuna kama ngoma, nami nikajiambia huyu ameshiba kupita kiasi. Nikapunguza mara 4 zikawa 2. Baada ya siku kumi hivi nilimpapasa mgongoni nikakutana na uti wa mgongo umechongoka, lakini tumbo liko palepale! Daktari wa mifugo alimtazama tu akaniuliza dawa ya minyoo nilimpa lini. Sikuwa nimempa. Kwa hiyo tumbo kubwa kwenye mwili mwembamba lisikudanganye. Anayetuna baada ya kula kisha akapungua ni sawa. Anayebaki ametuna kutwa huku mbavu zinahesabika, mpeleke.

Umri huo tumbo ni dogo na mwili unajengwa kwa kasi. Ukilinganisha kilo kwa kilo, anahitaji nishati zaidi ya mara mbili ya paka mzima, ila hawezi kuila yote kwa mkupuo. Ndiyo maana tunamgawia. Mimi huwapa mara 4 mpaka miezi minne hivi, mara 3 mpaka miezi sita, halafu 2.

Kiasi sasa. Mtoto wa paka wa kilo 1 hutumia takriban kalori 200 kwa siku. Soma pakiti yako: kama chakula kikavu kina kalori 380 kwa gramu 100, basi ni gramu 50 na kidogo kwa siku nzima, yaani kama 13 kila mlo. Ukizimwaga kwenye bakuli utacheka, zinaonekana kiganja tu. Cha kopo kina maji mengi, kwa hiyo chenye kalori 90 kwa gramu 100 kitafika gramu 220 kwa siku. Ukichanganya aina mbili, punguza huku unapoongeza kule. Hapo ndipo wengi hupotea: wanatoa kipimo kamili cha kikavu, kisha wanaongeza cha kopo kama kitoweo.

Lakini hesabu hizo ni za kuanzia tu. Mwamuzi wangu ni mizani ya jikoni. Kila Jumapili asubuhi kabla hajala namweka kwenye bakuli pana, naandika. (Hatulii, utapima mara tatu.) Mtoto wa paka mwenye afya huongeza kama gramu 100 kwa wiki katika miezi hii ya mwanzo. Akiongeza hivyo na mbavu unazihisi kwa vidole bila kuziona kwa macho, kilio chake kichukulie kama porojo. Asipoongeza kitu wiki nzima, ongeza chakula na umwone daktari, usingoje wiki ya pili.

Kunenepa kuna wakati wake, na mara nyingi ni baada ya kuhasiwa. Dume langu la pili lilirudi na hamu ya kula kama limefungwa mwezi mzima, wakati mahitaji ya mwili yameshuka. Nikaendelea na kipimo kilekile, na lilipofika umri wa miezi minane likawa mto wenye miguu. Hapo ndipo pa kubana mkono, si sasa.

Maziwa ya ng'ombe acha, wengi huharisha, maji yanatosha. Chakula cha mbwa pia si chake hata kama anakipenda, kwa sababu paka lazima apate taurini (kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama) ya kutosha kwenye chakula, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Ukibadilisha chakula, changanya kidogokidogo kwa muda wa wiki moja.

Usiku wa leo rudisha ule mlo wa nne, mpe kabla hujalala, utaona hata ile kelele ya alfajiri inapungua. Na ikitokea huyo mlafi akasusa chakula, hapo mizani haina kazi: kwa umri wake nusu siku bila kula inatosha kumpigia daktari.