Ua la malenge halikungoji uamke

Wewe unayeanza bustani nyuma ya nyumba, kabla hujanunua mbolea wala mbegu za bei, zoea kuamka mapema uangalie maua.

Msimu wangu wa kwanza hapa Bombo, Uganda, nilipanda malenge mvua za Machi zilipoanza. Yalitambaa mpaka kwa jirani, yakachanua manjano tele. Vitoto vikatokea, vikafika ukubwa wa yai, vikanyauka na kudondoka. Nikasema ni wadudu hao. Kila asubuhi nikabeba bomba la dawa mgongoni, najiona mchapakazi. Kumbe nilikuwa nawaua nyuki waliokuja kunisaidia.

Mlenge mmoja hutoa maua ya kiume na ya kike. La kike utalijua kwa kitoto kilicho chini yake. La kiume limekaa juu ya kikonyo kitupu, na kwa kawaida ndilo hutangulia. Kwa hiyo maua ya mwanzo yakianguka bila kuacha kitu, usihangaike. Ua hufunguka alfajiri, jua likishapanda linajifunga, basi tena. Nyuki wana saa hizo chache tu za kubeba chavua. Mvua ikinyesha asubuhi hawatoki, nawe ndiye nyuki: chuma ua la kiume, bandua petali, pakaza chavua katikati ya la kike. Bibi mmoja wa mtaani alinikuta katika shughuli hiyo, akacheka mpaka machozi, akaniita mkunga.

Nyanya ina mambo yake. Ua lake hujichavusha, ila hupenda kutikiswa, na fundi wa kulitikisa ni yule nyuki mweusi mnene anayetoboa mbao za paa. Zamani nilimzibia matundu. Siku hizi nimemwekea gogo kavu uani.

Doodo (mchicha), nakati (mboga ya majani, ndugu wa nyanya chungu) na sukuma hazina makuu, tunakula majani. Lakini acha nakati chache zichanue na kuzaa, upate mbegu za mvua za Septemba. Pembeni acha mujaaja (jamii ya mrehani) na giligilani zitoe maua pia; nyuki hawaji kwa sababu ya malenge peke yake.

Ikibidi kupiga dawa, piga jioni, nyuki wakisharudi, na usilenge maua. Kiangazi waweke maji kwenye beseni, na mawe yaliyochomoza juu. Mimi nilisahau mawe, nikawa naokota waliozama.