Kazi ya kukumbuka kila kitu nyumbani haigawanywi kwa kusaidiana, hugawanywa kwa kukabidhiana

Mwenzetu ameuliza mzazi aliyeajiriwa, anayefanya kazi siku nzima, afanye nini ili asifike nyumbani jioni akiwa hana nguvu wala subira ya kukaa na watoto wake. Ameongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha swali: mume wake si mvivu, kila anapoombwa kufanya kitu hukifanya, na bado yeye anajiona amebeba nyumba nzima kichwani. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninafanya kazi ya uhasibu, na mume wangu naye ameajiriwa. Hali hiyo tumeishi nayo muda mrefu kabla ya kuibadilisha, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Dada uliyeuliza, kufua, kupika na kuogesha watoto ni kazi zinazoonekana, zina mwanzo na mwisho, na yeyote akiingia mlangoni anaweza kuzishika. Kinachomaliza nguvu zako zaidi ni kule kuwa macho wakati wote: kujua dawa inaisha lini, mkutano wa wazazi ni siku gani, mtoto gani amekuwa mnyamavu tangu juzi na kwa nini. Kazi hii huifanyi nyumbani tu. Unaifanya ukiwa kwenye kikao cha ofisini, ukiwa njiani, na ukiwa kitandani ukisubiri usingizi.

Mwaka 2019 mwanasosholojia Allison Daminger alichapisha katika jarida la American Sociological Review utafiti uliotokana na mahojiano na wanandoa nchini Marekani, akaigawa kazi hii ya kichwa katika hatua nne: kuona mapema kwamba kitu fulani kitahitajika, kutafuta njia za kukipata, kuamua njia ipi ifuatwe, na kufuatilia kama jambo limefanyika. Alikuta kwamba uamuzi wenyewe mara nyingi wanandoa waliufanya pamoja, ila kuona mapema na kufuatilia kuliwaangukia zaidi wanawake. Nilipozisoma hatua hizo nilielewa kwa nini mume wangu alikuwa akisema kwa moyo mweupe kwamba tunashirikiana katika kila jambo, nami kwa moyo huohuo nikisema nimelemewa. Kila mmoja wetu alikuwa akihesabu hatua zake, na wote wawili tulikuwa tukisema kweli.

Chukua mfano wa viatu vya shule. Kuvinunua ni kazi ya saa moja. Lakini kabla ya saa hiyo kuna mtu aliyeona kwamba mtoto ameanza kukanyaga visigino vya viatu badala ya kuvivaa sawasawa, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba na kukuta vidole vya mtoto vimefika mwisho, akakumbuka kwamba shule inafunguliwa wiki ijayo na inataka viatu vyeusi vya kamba, akapiga hesabu ya fedha iliyobaki hadi mshahara, kisha akapima kama ni heri kununua vinavyotosha sasa au vilivyozidi kidogo ili vidumu. Vikishanunuliwa, kuna atakayeangalia jioni ya siku ya kwanza kama vimemchubua mtoto, na atakayekuwa ametunza risiti ili viweze kurudishwa. Baba akiambiwa apite dukani na kununua viatu vya namba fulani, amefanya ile saa moja, na mengine yote yamebaki kwa yule aliyemtuma.

Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu kazi za matunzo, lilieleza kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za matunzo zisizolipwa duniani. Mimi naona kwamba hata mgawanyo huo ukisawazishwa kwa saa, mwanamke anayebaki na kazi ya kukumbuka peke yake hatapumzika, kwa sababu kazi hiyo haina saa ya kuanza wala ya kumaliza.

Kwa hiyo sisi tuliacha kugawana kazi mojamoja, tukagawana maeneo. Tulikaa mezani watoto wakiwa wamelala, tukaandika kila kitu kinachoifanya nyumba iende, yakiwemo yale ambayo hakuna anayeyataja kama kazi: kujua nani amealikwa wapi, kuondoa nguo zilizowabana watoto, kujibu ujumbe wa walimu. Orodha ilikuwa ndefu kuliko wote wawili tulivyotarajia, na nadhani kuiona ikiwa imeandikwa kulisaidia kuliko maelezo yangu yote ya awali. Kisha kila eneo likapewa mwenyewe, kuanzia kuona hadi kufuatilia. Mume wangu alichukua afya ya watoto yote: tarehe za chanjo, kadi za kliniki, dawa zilizokwisha muda, betri ya kipimajoto, kuamka usiku mtoto akiwa na homa, na kueleza kwa daktari homa ilianza saa ngapi na ilifika nyuzi ngapi. Mimi nilichukua shule. Chakula tulikigawa kwa siku, na mwenye siku yake ndiye anayefikiria kitapikwa nini na kama vitu vya kupikia vipo, hamuulizi mwenzake.

Hapa pana sharti moja gumu, na bila hilo mpango wote unavunjika. Uliyekabidhi eneo humkumbushi mwenye eneo, humsimamii wala humkagui. Kabla ya kukabidhi, mnakubaliana kiwango cha chini ambacho hakuna atakayeshuka chini yake. Kwa afya ya watoto, kwa mfano, tulikubaliana kwamba hakuna chanjo itakayopita tarehe yake na dawa ya homa haitakosekana nyumbani. Zaidi ya hapo, namna ya kufanya ni ya mwenye eneo. Mume wangu hupanga miadi ya daktari asubuhi na mapema, wakati mimi ningeiweka mchana. Dawa huziweka kwenye kasha lenye kufuli alilolifunga juu ya kabati, mahali ambapo mimi nisingepachagua. Sikusema neno, na baada ya muda nikagundua kwamba ninaweza kukaa siku nzima kazini bila kuwazia kadi ya kliniki. Utulivu huo sikuwahi kuupata kwa kusaidiwa.

Jambo la pili linalovuruga nyumba za wazazi walioajiriwa ni mtoto kuugua siku ya kazi. Katika nyumba nyingi ninazozifahamu, anayekosa kazi ni yule mwenye mshahara mdogo, na mara nyingi huyo ni mama. Akikosa mara nyingi hapandishwi cheo, mshahara wake unazidi kuachwa nyuma, na kwa sababu hiyohiyo ndiye atakayekosa tena. Sisi tunaamua mapema. Kila Jumapili jioni tunaweka kalenda zetu mbili pamoja na kutazama wiki inayokuja: siku gani kazi ya nani haiwezi kusogezwa. Mwisho wa mwezi, ninapofunga hesabu, zamu ya dharura ni ya mume wangu. Anapokuwa na ukaguzi kazini kwake, ni yangu. Simu ikipigwa kutoka shuleni katikati ya siku, hatuanzi kubishana kuhusu kazi ya nani ni muhimu zaidi.

Kwa upande wa mwajiri, ninakushauri usiende kuomba huruma. Nenda na pendekezo la maandishi: saa unazotaka kuanza na kumaliza, kazi zitakazofanyika katika saa hizo, njia ya kukupata jambo la haraka likitokea, na muda wa majaribio ambao mwishoni mtatazama pamoja matokeo yake. Mkuu wangu wa wakati ule alikubali nianze mapema na kuondoka mapema kwa sababu, kwa maneno yake, alikuwa na kitu cha kuwaonyesha wakubwa wake. Inafaa pia ujue kwamba Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unawahusu wafanyakazi wote wenye majukumu ya familia, wanaume kwa wanawake, na unasema majukumu hayo peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kwa mama anayenyonyesha kuna Mkataba namba 183 wa mwaka 2000, unaotaka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 na mapumziko ya kunyonyesha yanayohesabiwa kuwa saa za kazi na kulipwa. Mikataba hii huzibana nchi zilizoiridhia, kwa hiyo tazama sheria ya kazi ya nchi yako inasemaje. Hata hivyo nimeona mara nyingi kwamba mkuu wa idara hubadilika anapotambua kuwa anayezungumza naye anajua haki yake.

Sasa jioni, ambayo ndiyo uliyoilalamikia zaidi. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapoacha kazi moja na kuingia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile aliyoiacha, hasa ikiwa haijakamilika. Mzazi anayefunga kompyuta na kukimbilia nyumbani hufika akiwa nusu, na mtoto hulijua hilo kabla hata hajavua viatu. Mimi, dakika za mwisho ofisini huzitumia kuandika kwa mkono nimeishia wapi na kesho nitaanzia wapi. Nikishaandika, kazi hainifuati sana. Nikifika nyumbani ninakaa na watoto kwanza, sakafuni walipo, simu ikiwa kwenye mkoba, kabla ya kugusa sufuria. Mtoto wangu mdogo hana haja ya saa nzima. Huja na mchoro wake, huueleza wote, hunipa kazi ya kushika penseli, kisha akishatosheka huondoka mwenyewe kwenda kucheza. Jioni ambazo huanza kwa kupika huku akining'inia mguuni huwa ndefu kwetu sote.

Saa ya kulala ipigieni hesabu kwa kurudi nyuma. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 ukijumlisha usingizi wa mchana. Mtoto anayeamshwa saa 12 asubuhi na anayehitaji saa 10 lazima awe amelala saa 2 usiku, maana yake kuoga kunaanza mapema zaidi, na kuna mambo ya jioni ambayo hayataingia. Kwetu tuliyaondoa baadhi ya masomo ya ziada, na sijaona hasara yake.

Kuna waliouliza kuhusu wanaolea peke yao. Nimemwona dada yangu akilea hivyo, na sitamwambia mtu kwamba mpango huu unamfaa jinsi ulivyo. Alichofanya yeye ni kukabidhi eneo zima kwa kila mtu aliyekuwa tayari kumsaidia, badala ya kuomba msaada wa hapa na pale. Shangazi yetu ana siku zake za kuwapokea watoto shuleni, na siku hizo ni zake hata mama yao akiwa na nafasi; mtoto mkubwa anamiliki mabegi, ya kwake na ya mdogo wake, kuanzia kuyakagua hadi kuyaweka karibu na mlango. Yaliyobaki aliyapunguza bila kuomba radhi kwa yeyote.

Ukitaka kuanza, usimpelekee mumeo orodha ya malalamiko wala usigawe kila kitu kwa siku moja. Chagua eneo moja, lile linalokuamsha usiku, mweleze hatua zake zote ukiwa na mfano kama ule wa viatu, kubalianeni kiwango cha chini, kisha mwachie lote kwa miezi miwili bila kumkumbusha. Mkishazoea, kaeni tena mchague la pili, na safari hiyo mwache yeye aseme ni lipi.