Mashine ya marehemu baba imewaka: ndugu zangu, msivute kamba kwa pupa

Jumamosi iliyopita, saa mbili asubuhi, mashine ya boti ya marehemu baba, Yamaha Enduro 40, iliwaka ndani ya pipa la maji nyuma ya nyumba yetu hapa Kilindoni, kisiwani Mafia. Ilikuwa imelala stoo miaka 6 chini ya turubai na nyavu chakavu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, asiseme kitu. Nami sauti haikunitoka.

Naandika kwa sababu najua wengi wenu mna mashine kama hii imeegemezwa ukutani, na mnangoja kaskazi mrudi baharini.

Nianze kwa kukiri. Mashine ya kwanza niliyojaribu kuifufua niliiua. Ilikuwa ya nguvu farasi 15, tuliinunua kwa shirika mimi na kaka yangu kwa pesa za pweza. Ilikuwa imekaa bila kuwashwa miaka 3. Tulivuta kamba ya kuwashia siku hiyohiyo, ikagoma, tukaita vijana watatu wakavuta kwa zamu. Ikazunguka, tukashangilia. Kumbe ringi ilikuwa imeshikwa na kutu. Ikakatika na kuchana silinda toka juu hadi chini. Kaka hakunitolea neno baya, lakini tangu siku ile hajanunua tena kitu kwa shirika nami. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Safari hii sikugusa kamba. Nilitoa plagi zote mbili, nikamimina kila silinda mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, nikaiacha. Kila baada ya magharibi nilishika flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, kwa mikono miwili na kuijaribu taratibu, upande ule inakozunguka tu, kwa sababu ukiirudisha nyuma unakunja mabawa ya impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupooza mashine. Siku ya tatu ilisogea upana wa kidole. Siku ya nne ikazunguka yote. Subira, ndugu yangu. Usivute kamba.

Kuna fundi aliitazama siku ya kwanza akasema ni ya kuuza kwa kilo. Hakufungua hata kifuniko! Baba alisomesha watoto saba kwa mashine ile. Fundi asiyefungua kifuniko usimsikilize.

Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka rangi ya chai kavu na kunuka vanishi. Imwage yote, pamoja na iliyobaki kwenye mpira wa mafuta. Jeti ya kabureta, yenye kitundu kinachopitisha petroli, ilikuwa imezibwa na gundi. Usiizibue kwa waya: shaba ni laini, tundu likipanuka mashine itakula mafuta. Mimi nilitumia kipande cha mshipi. Impela ilikuwa na bawa moja limekatika, na kipande chake nikakitafuta mpaka nikakipata kwenye njia ya maji. Ukikiacha humo, impela mpya haitakusaidia. Oili ya gia ilitoka nyeupe kama maziwa, maana yake maji yameingia, nikabadili sili.

Kwa kuwasha nilizidisha oili kidogo kuliko ile lita 1 kwa petroli lita 50. Nikasema Bismillahi, nikavuta. Mvuto wa tisa ikashika. Moshi ulitanda uani, kisha mashine ikakojoa uzi mwembamba wa maji, halafu ukakatika. Nikazima palepale. Nilichokonoa tundu la kutolea maji, likatoka donge la chumvi, nikawasha tena, na maji yakaruka mpaka ukutani.

Chumvi ile ni kosa letu sisi. Baba alikuwa haingii ndani kula kabla hajaisafisha mashine kwa maji baridi ya kisima. Alipofariki tuliitoa baharini tukaitupa stoo hivyohivyo, na hakuna aliyekumbuka ndoo moja ya maji. Isafishe kila ukirudi, hata kama umechoka, hata kama samaki hawakupatikana. Isafishe.

Keshokutwa naipeleka pwani. Nimemwomba kaka aje ashike usukani. Amejibu, tutaangalia maji.