Mdogo wako na dripu ya "nano": nesi wa wodini najibu

Mkuu, pole kwa kuuguza. Kwa waliochelewa kufika: mleta mada ana mdogo wake kalazwa hapa Dodoma, ana fangasi wa ubongo. Daktari kaandika dripu moja tu ya dawa ya fangasi, dozi kubwa, halafu vidonge. Jamaa kaingia mtandaoni, kakuta dawa ni ya "chembe za nano", usingizi ukakata. Tena anauliza mbona dripu ni mara moja tu badala ya siku saba. Na mjomba wake wa Kongwa anamsukumia chupa ya "nano silver" (chembe za madini ya fedha), eti ni teknolojia ile ile ila yenyewe haina sumu.

Mimi ni nesi wa wodi ya magonjwa ya ndani, huu mwaka wa kumi na tatu. Dawa hiyo ni amfoterisini, na nimeichoma ya aina zote mbili.

Ya zamani ilikuwa ya kila siku. Dripu ikishaanza, haipiti muda mrefu mgonjwa anatetemeka mpaka vyuma vya kitanda vinagongana, ndugu wanakuja mbio wakidhani anakata roho. Tetemeko likipita unabaki na kazi ya figo zinazoumia na potasiamu (madini ya kwenye damu) inayoshuka. Kuna mama mmoja wa Bahi, akiniona tu nakuja na chupa mkononi anageukia ukutani. Sikumlaumu hata siku moja.

Hii ya sasa ni dawa ile ile, ila imepachikwa kwenye vipovu vya mafuta visivyofika nanomita 100. Milimita moja ya rula ya mwanafunzi ina nanomita milioni moja, piga hesabu mwenyewe. Mafuta hayo ni ya jamaa moja na yale yanayojenga utando wa seli zetu, kwa hiyo mwili unajua pa kuyapeleka. Figo zinapumua kwa sababu dawa haimwagiki hovyo njiani.

Inakuja kama unga wa njano uliogandana, miligramu 50 kila kichupa. Unaweka mililita 12 za maji ya sindano, unatikisa kwa nguvu nusu dakika bila kumwonea huruma, unavuta kwa bomba la sindano, unapitisha kwenye kichujio, ndipo unaingiza kwenye dripu ya sukari. Dozi ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa. Mtu wa kilo 50 anakula vichupa kumi, mkono unauma. Na hapo ndipo kuna mtego: mgonjwa huwa ametangulizwa dripu ya chumvi ili kulinda figo, sasa dawa hii na chumvi haviivi chungu kimoja, vikikutana vipovu vinaharibika. Siku moja mwanafunzi wetu nusura aunganishe kwenye mpira ule ule wa chumvi. Nilimshika mkono. Tukausafisha mpira kwa dripu ya sukari kwanza, tukaendelea. Kwa hiyo ukimwona nesi anahangaika na mpira kabla ya kuanza, mwache, hajachanganyikiwa.

Kuhusu mara moja badala ya siku saba: hajapunjwa. Utafiti ulifanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, kwa wagonjwa zaidi ya 800, majibu yakatoka 2022. Hadi wiki ya kumi, waliopewa dozi moja walikufa asilimia 24.8, wa utaratibu wa zamani asilimia 28.7. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaingiza dozi moja kwenye mwongozo wake. Lakini usidhani ni maji ya kunywa. Hata kwenye kundi la dozi moja, nusu walipata madhara makubwa, ila kwenye kundi la dawa ya zamani walioumia walikuwa wengi zaidi. Wapo ambao dakika za mwanzo tu kifua kinabana au mgongo unauma ghafla. Akisema hivyo ita nesi hapo hapo, dripu inasimamishwa.

Sasa mjomba. Nano ni kipimo cha udogo tu, kama kusema "kilo". Kilo ya nini? Ule mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya malaria unaletwa na chembe za dhahabu. Ikisagwa hadi udogo huo dhahabu inakuwa nyekundu (wa Sekenke msinibishie, nyie mnaichimba ya njano). Hiyo inabaki kwenye kipimo, haikuhusu. Chanjo za UVIKO za Pfizer na Moderna zilibebwa na chembe za mafuta. Na zamani, kuanzia miaka ya 1930, Wazungu walichomwa Thorotrast ili picha za eksirei zionekane vizuri. Nayo ilikuwa chembe ndogo hizo hizo, ila za thoriamu, madini yenye mionzi. Ini na bandama vikazidaka, na hazikutoka tena. Saratani za ini zilianza kujitokeza miaka mingi baadaye.

Ndiyo maana mimi naulizaga vitu viwili: ni chembe za nini, na zikishaingia mwilini zitatokea wapi. Mafuta yanavunjwavunjwa. Madini ya fedha yakinywewa kila siku yanajikusanya, ngozi inakuwa ya kijivu-bluu na haisafishiki. Marekani mwaka 1999 walitamka kwamba dawa za dukani zenye fedha ya aina hiyo hazitambuliki kuwa salama wala kwamba zinatibu. Fedha ina kazi yake kwenye bandeji za vidonda vya moto. Kwenye fangasi wa ubongo, fedha pekee itakayotoka ni ya mfukoni mwako. Mwombe mjomba namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, uone atakavyobadilisha mada.

Kitu kinachoniumiza zaidi kuliko nano ni ndugu kukataa mgonjwa atolewe maji mgongoni, eti atapooza. Kichwa kinachomuuma mdogo wako ni presha ya maji hayo hayo, yanayozunguka hadi ubongo. Daktari akitaka kurudia mara ya pili au ya tatu, kubali.

Kesho asubuhi ulizia majibu ya figo na potasiamu. Yaweke hapa, nipo zamu ya usiku hadi Alhamisi.