Fimbo moja kwa chambo hai na kurambaza

SWALI: Ndugu wahariri, nina boti ya faiba ya mita 6 hapa Mwambani, Tanga. Kazi yangu kubwa ni kuvua nguru na kolekole kwa vibua hai. Mara moja moja, nikirudi, narambaza, yaani nakokota samaki wa plastiki nyuma ya boti. Dukani nimeonyeshwa fimbo mbili: moja ngumu ya mita 1.65, imeandikwa paundi 50–80 (nguvu ya mshipi unaoifaa). Nyingine ya kaboni tupu, mita 2.1, paundi 15–25. Nina uwezo wa kununua moja tu. Nichukue ipi?
Msomaji, Mwambani

JIBU: Ndugu yetu, usichukue hata moja. Endelea kutafuta fimbo ya mita 2 hadi 2.1, ya faiba au faiba iliyochanganywa na kaboni, iliyoandikwa paundi 20–40, yaani takriban kilo 9–18.

Ile ngumu itakuharibia chambo. Kila boti inapopanda wimbi, hasa kusi likivuma, ncha isiyopinda humvuta kibua kwa kishindo. Ndoana hupanua tundu mpaka inachomoka, au kibua anachoka na kuacha kuogelea. Nguru naye akigusa na kukuta uzito, hutema. Ncha laini humeza mshtuko huo wote. Ile ya kaboni ina ncha nzuri, lakini samaki wa plastiki mwenye ulimi mrefu wa kuzamia ataipinda muda wote, na kaboni haisamehe kugongwa: chubwi (kizito cha kuzamishia mshipi) ikiigonga leo, inaweza kukatika wiki ijayo samaki akiwa mzito.

Ijaribu papo hapo dukani. Funga rili (gurudumu la kukunjia mshipi), pitisha mshipi kwenye pete zote, ufunge ndoo yenye lita 5 za maji, kisha inyanyue taratibu bila kuipandisha fimbo juu ya bega. Nusu ya juu ipinde vizuri, theluthi ya chini ibaki karibu imenyooka. Ikipinda mpaka mkononi, iache. Pitisha pamba ndani ya kila pete: ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakukatia mshipi. Angalia pia kitako. Kiwe na mkato wa msalaba unaokaa kwenye pini ya kishikizo cha boti, la sivyo fimbo itazunguka ukirambaza.

Weka mshipi wa nailoni wa kilo 15, kwa sababu unavutika kidogo samaki anapopiga kwa kasi. Breki ya rili ipime kwa mizani ya kuning'iniza: kilo 5, theluthi moja ya nguvu ya mshipi. Kwa chambo hai ilegeze mpaka mshipi utoke kwa kuvuta kidogo tu, washa mlio wa rili, na ukaze samaki akishaondoka nacho.

Kuhusu kurambaza, wewe ndiye utakayeifuata fimbo. Samaki wa plastiki asizidi sentimita 14, mwendo noti 5 au 6 (noti ni maili ya baharini kwa saa). Kibua hai ukitaka kumkokota, noti 1 hadi 2 tu. Zaidi ya hapo anakufa maji.

Jambo la mwisho, na ndilo linalovunja fimbo nyingi: samaki akifika ubavuni mwa boti, usiisimamishe fimbo wima. Uzito wote huhamia kwenye ncha, sehemu isiyo na nguvu.

SWALI: Kibua wangu anarudi amekatwa mkia, ndoana haijashika kitu. Kwa nini?
Msomaji, Kigombe

JIBU: Huyo ni nguru, huanza na mkia ili windo lisikimbie. Ndoana ya kwanza ipite puani mwa kibua, kisha unganisha waya wa kutosha kufika karibu na mkia, na mwishoni ufunge ndoana ndogo ya matawi matatu. Chomeka tawi moja tu, chini ya ngozi ya mgongo. Waya ulegee kidogo. Ukikaza, kibua ataogelea upandeupande. Juu ya ndoana ya kwanza ongeza waya wa sentimita 40, maana nailoni tupu haistahimili meno ya nguru.